Usisubiri Saa Nane Usiku: Kumchagua Daktari wa Mbwa na Paka

Haya niliyasema Jumapili alasiri, chini ya mwembe, kwenye mkutano wa wakazi wa mtaa wetu hapa Walukuba, Jinja. Waliokuwa kazini na waliokwenda msibani waliomba niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni.

Mheshimiwa mwenyekiti wa LC1, baraza letu la mtaa, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosikia kuna soda: assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Hamjambo wote?

Mnanifahamu. Wengine mnaniita Afande, wengine Baba Kamanda kwa sababu ya yule mbwa wangu. Miaka ishirini na mbili niliongoza mbwa wa polisi. Nimekesha nao, nimenyeshewa nao, na wengine nimewazika kwa mikono yangu. Mimi si daktari. Narudia, mimi si daktari, na mtu akinigongea kesho na mbwa mgonjwa nitamwambia hivyo hivyo. Ninaowajua ni madaktari. Nimesimama kwenye meza zao mara nyingi mno, nimeshika kichwa cha mbwa, wao wakifanya kazi upande wa pili, na aliyeshika kichwa huona mengi.

Sasa niwaulize. Nani hapa anafuga mbwa au paka? Mikono juu. Naam, zaidi ya nusu. Tena namwona mama mmoja kule nyuma kaja na paka wake ndani ya kikapu, karibu sana mama. Haya, kati yenu nyinyi mlioinua mikono, nani ana namba ya daktari wa mifugo kwenye simu yake, na amewahi kuongea naye siku ambayo mnyama hakuwa mgonjwa?

Mikono mitatu. Na mmoja ni wa kijana muuza dawa, huyo hatumhesabu.

Mwezi uliopita, saa nane usiku, jirani yangu alinigongea mlango. Wezi walikuwa wamemtupia mbwa wake kipande cha nyama kilichopakwa sumu ya wadudu wa shambani. Nikamkuta mbwa amelala ubavu, miguu inapiga kama anaogelea, povu mdomoni, mboni za macho zimesinyaa kama ncha ya sindano. Mke wa jirani amepiga magoti na kikombe cha maziwa, anamnywesha kwa nguvu. Nikamshika mkono. Mbwa anayetetemeka namna ile hamezi, maziwa yanaingia mapafuni.

Tukaanza kupiga simu. Namba ya kwanza tuliitoa kwenye bango la nguzo ya umeme: haipatikani. Ya pili akapokea mtu, akasema yeye ni wa kuku. Ya tatu alikuwa daktari kweli, mtu mwema, akasema mleteni, lakini yuko Iganga. Dawa ya kupambana na sumu za aina ile ipo, inaitwa atropini, wala si kitu cha ajabu, daktari aliyejipanga huwa nayo. Ilikuwepo. Ila ilikuwepo Iganga. Bado tunabishana na mwenye gari, mbwa akakata roho.

Jirani yangu hakukosa pesa. Hakukosa mapenzi pia, maana sijawahi kumwona mzee wa umri wake akilia vile. Alikosa namba moja ya simu. Ndiyo sababu nimemwomba mwenyekiti anipe nafasi leo: daktari hutafutwa mnyama akiwa mzima, akiwa anakula posho yake, ule ugali wetu, na dagaa wa mukene, anabweka ovyo, hana neno. Siku hiyo ndiyo ya kutoka na kwenda kumwangalia daktari kama mtu anavyokwenda kuangalia kiwanja.

Sasa, daktari ni nani? Hapa Uganda kila anayeshika sindano tunamwita musawo, yaani daktari. Wa zahanati musawo, wa ng'ombe musawo, muuza dawa musawo. Heshima ni nzuri, lakini heshima ikichanganya watu, inaua. Yupo daktari wa mifugo aliyesoma shahada, miaka mitano Makerere au chuo kingine, akasajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Uganda. Yupo msaidizi wake, mwenye stashahada au cheti, anayejua kazi nyingi sana za mikono, na huyo tusimdharau, kwa sababu vijijini bila yeye mifugo ingekwisha. Na yupo muuza duka la dawa za mifugo. Huyo wa tatu anaweza kuwa amesoma, anaweza kuwa shemeji wa mwenye duka.

Sisemi msiende dukani. Mimi mwenyewe dawa ya minyoo nainunua dukani. Nasema mjue mnaongea na nani. Muulizeni bila haya: "Daktari, umesajiliwa? Namba yako ya usajili ni ipi?" Daktari wa kweli haoni uchungu kuulizwa. Ana cheti ukutani na anakionyesha kwa furaha, maana kilimtoa jasho. Anayekasirika amekwisha kukujibu. Na ukibaki na shaka, ofisi ya mifugo ya wilaya ipo, nenda ukaulize. Watu wa pale wanawajua wanaofanya kazi humu.

Niwape kisa. Rafiki yangu mmoja, mstaafu mwenzangu, alikuwa na mbwa wa kienyeji, mwekundu, mwepesi, pengine kilo kumi na tano. Akapata homa ya kupe. Akaja kijana mmoja na pikipiki, mkoba begani, akamtazama mbwa kwa mbali kama mtu anayetazama mechi, akasema, "Hii naijua." Akavuta dawa ya ng'ombe kwenye bomba la sindano, akadunga, akachukua hela, akaondoka. Dawa yenyewe haikuwa ya uongo. Inaitwa diminazeni, inatibu ugonjwa wa ndorobo kwa ng'ombe, na madaktari huitumia kwa mbwa pia. Lakini kwa mbwa kipimo chake ni chembamba kama uzi: ukizidisha, inapiga ubongo. Kijana hakumpima mbwa uzito. Alikadiria kwa jicho, tena jicho lililozoea ng'ombe. Siku mbili baadaye mbwa alikuwa anatembea kama mlevi, kichwa kimeinama upande mmoja, anagonga kuta. Hakupona.

Kwa hiyo ukiingia kwa daktari, kabla hujaangalia ukuta na vyeti, angalia sakafu. Kuna mizani? Hata mizani ya kupimia magunia inatosha: mtu anambeba mbwa, anapimwa naye, kisha anapimwa peke yake, mnatoa. Asiye na mizani na hakuulizi uzito, atakudungia mbwa wako kwa kubahatisha.

Baada ya mizani, angalia mikono. Hapa mnivumilie, nitakaa kidogo.

Kulikuwa na daktari mmoja mzee, sasa ni marehemu, niliyempelekea mbwa wangu wa kwanza wa kazini. Mbwa alikuwa amekataa chakula siku moja tu. Mzee hakugusa sindano kwa muda mrefu hata nikaanza kuchoka. Kwanza aliniuliza mimi: amekula nini, lini, anakunywa maji, mkojo wake una rangi gani, mmelala wapi wiki hii. Mkojo! Nilikuwa nimeuona, wa rangi ya chai kavu, na sikuwa nimesema kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Kisha akamwendea mbwa kwa ubavu, si kwa uso, akamwachia anuse kiganja chake. Akamfunua mdomo wa juu kwa kidole gumba, akabonyeza ufizi, akaachia, akahesabu kimya muda wa rangi kurudi. Ufizi ulikuwa mweupe kama karatasi. Akapapasa tezi chini ya taya, akapapasa nyuma ya magoti. Akafungua masikio, akanusa. Mtu mzima ananusa sikio la mbwa! Akatanua vidole vya miguu kimoja kimoja, na kati ya kidole cha pili na cha tatu, mguu wa nyuma, akamtoa kupe aliyevimba kama punje ya mahindi. Akaweka kipimajoto kule mnakokujua, akasubiri. Mbwa mzima huwa na joto la nyuzi 38 hadi 39 na kidogo, kwa hiyo usishtuke mbwa akiwa na joto kuliko wewe. Wa kwangu alikuwa amepita 40. Akachukua tone la damu, akalipaka kwenye kioo, akalitazama kwa darubini. Ndipo akasema jina la ugonjwa.

Dakika ishirini na tano, sindano moja. Mbwa alipona, tukafanya kazi miaka sita zaidi.

Basi mimi tangu siku ile napima daktari kwa kitu kimoja: amemgusa mnyama kiasi gani kabla ya kumdunga? Ameniuliza maswali mangapi? Anapovuta dawa, ananionyesha chupa? Ananiandikia jina lake? Nina daftari la Kamanda nyumbani, kila sindano aliyowahi kupigwa imeandikwa, jina na tarehe. Daktari anayeficha chupa simrudii. Na daktari anayesema "hili silijui, ngoja nimpigie mwenzangu," au "hili linahitaji mashine, mpelekeni kliniki ya Makerere," huyo namrudia kila siku. Kutoka hapa hadi Kampala ni kama kilomita themanini, na barabara ya msitu wa Mabira mnaijua kwa foleni. Daktari anayekutuma safari ile hali angeweza kukaa kimya akala pesa yako, huyo ni ndugu.

Tuje kwenye chanjo. Nani anamkumbuka mtoto wa mbwa aliyenunuliwa barabarani na familia moja hapa, mwaka jana wakati wa likizo? Watoto walimpa jina la mchezaji wa mpira. Muuzaji alisema amechanjwa, akatoa na kadi. Siku ya tano mtoto wa mbwa akaanza kutapika, siku ya sita akaharisha damu, ile yenye harufu ambayo ukiinusa mara moja huisahau. Pavo. Virusi vile havina dawa ya kuviua ndani ya mwili. Daktari anachoweza ni dripu, dawa za kuzuia kutapika, kumtunza mpaka mwili ushinde wenyewe. Huyu mwili haukushinda.

Nikaiomba ile kadi. Ilikuwa na muhuri na sahihi nzuri sana. Hakukuwa na kibandiko hata kimoja. Chupa ya chanjo huwa na kibandiko chenye jina, namba ya toleo na tarehe ya kuisha, na daktari hukibandua akakibandika kwenye kadi yako. Kadi isiyo na kibandiko, muulize daktari chupa iko wapi. Tena ilisema amechanjwa mara moja tu, akiwa na wiki sita. Mara moja haitoshi! Mtoto wa mbwa hunyonya kinga ya mama yake, na kinga ile ile inaizima chanjo. Kwa hiyo daktari anayejua kazi ataanza wiki ya sita au ya nane, atarudia kila baada ya wiki tatu au nne mpaka mtoto afikishe kama wiki kumi na sita. Daktari anayekwambia "nimemaliza" siku ya kwanza, hajamaliza. Na nyumba ile nikawaambia: virusi hivi hukaa kwenye udongo miezi mingi, osheni sakafu kwa jiki, msilete mtoto mwingine wa mbwa haraka. Wakaleta. Hayo tuyaache.

Muulizeni daktari pia kuhusu friji. Chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Nimewahi kumwona mtu akitoa chanjo kwenye mfuko wa shati, saa saba mchana, jua la Jinja. Ile haikuwa chanjo tena, yalikuwa maji ya bei ghali. Daktari anayekuja nyumbani lazima awe na flaski au kasha lenye barafu. Na mwenye kliniki mwulizeni: umeme ukikatika usiku, chanjo zako zinakuwaje? Msicheke. Tunalala karibu na bwawa la umeme, na mishumaa tunanunua.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Hapa naomba hata wasiofuga wasikilize, na jirani zangu Waislamu msiopenda mate ya mbwa mnisikilize pia, maana ugonjwa huu hauulizi dini. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 wanakufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, wengi Afrika na Asia, na karibu wote wameupata kwa mbwa. Kati ya wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa, wanne katika kumi ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa binadamu, tunaongea habari za mazishi. Na bado ni ugonjwa unaozuiwa na sindano. Wakichanjwa mbwa 70 katika 100 wa mtaa, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Mtoto akiumwa na mbwa, msipake mafuta, msipake majani: oshea kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano nzima, kisha mbio hospitali. Hata kama mbwa ni wenu. Hata kama jeraha ni dogo.

Daktari mzuri hukukumbusha chanjo hii bila wewe kumwuliza. Mtoto wa mbwa huipata akiwa na miezi mitatu hivi, anarudiwa baada ya mwaka, na hapa kwetu tunaendelea kila mwaka. Daktari anayemwona mbwa wako mara tatu na hajawahi kuuliza chanjo ya kichaa, mtafute mwingine.

Upasuaji sitauongelea sana. Ukitaka kumhasi dume au kumfunga jike kizazi, uliza mambo mawili: nani anaangalia pumzi ya mnyama wakati wewe unakata, na utampa dawa gani ya maumivu akiamka? Ukisikia "mbwa ni mgumu, haumwi," funga kamba, rudi nyumbani.

Paka. Mama mwenye kikapu, hapa ni kwako. Paka si mbwa mdogo. Madaktari wengi wa huku walizoea ng'ombe, mbwa wakajifunzia njiani, na paka wanawaona kama panya mkubwa. Panadoli, ile ile tunayomeza kichwa kikiuma, kidonge kimoja kinamuua paka, kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja. Kuna dawa za viroboto za mbwa zenye pamethrini, ukimpaka paka anatetemeka mpaka anakufa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usimkaribishie kabisa. Basi mtihani wa daktari wa paka ni rahisi. Mwulize: "Paka wangu ana homa, nimpe panadoli nusu?" Akisema mpe, mshukuru na uondoke. Swali la pili: paka dume anakwenda kwenye mchanga wake kila dakika, anachuchumaa, mkojo hautoki, nimlete lini? Akisema njoo Jumatatu, huyo si wako. Dume aliyezibwa njia ya mkojo hana siku ya kusubiri.

Halafu pesa. Najua mnasubiri nifike hapa. Daktari mzuri hutaja bei kabla ya kuanza, anatoa risiti, na ukimwambia ukweli kwamba una nusu, anakwambia nusu itafanya nini na haitafanya nini. Usione haya kuuliza. Mbaya zaidi ni anayesema "tutaelewana," maana mtakuja kutoelewana. Lakini na sisi tuna makosa. Tunamwita daktari mbwa akiwa amelala siku nne, tumeshamdunga wenyewe mara mbili, hatusemi tulimdunga nini, kisha akifa tunatangaza mtaani kwamba daktari kamuua. Jamani! Mwambieni kila kitu. Hata ile dawa ya mitishamba ya bibi, isemeni.

Mzee mmoja ameniandikia swali kwenye karatasi, nilisome: "Afande, na kama daktari aliye karibu ni wa ng'ombe tu?" Mzee wangu, mchukue huyo huyo. Daktari wa ng'ombe mwenye mizani, mwenye friji, anayepokea simu usiku na anayekubali kumpigia mwenzake wa Kampala, namweka mbele ya mwenye kliniki ya vioo anayefunga saa kumi na moja jioni. Ila mwulize leo, usimwulize siku hiyo: "Saa nane usiku utapokea? Usipopokea, nimpigie nani?" Aandike namba ya pili kwa mkono wake mwenyewe.

Mimi yangu yamekwisha. Nimekuja na mizani, ile pale kwenye shina la mwembe, na daftari tupu kumi na tano kwa watakaowahi. Mama, tuanze na wewe. Mpime kwanza na kikapu chake, maana huyo akitoka humo leo tutamkimbiza mpaka ziwani.